Mchezo wa Kufunza Fedha na Kibubu cha Huruma



Juma hili twaomba mtuvumilie tukiiacha pwani na kupanda hadi Nairobi, mtaa wa Huruma. Ni nadra kuikuta nyumba ya Mombasa, Malindi au Lamu isiyokuwa na kijana wake Nairobi, na kijana anayekwenda kuanza maisha huko aghalabu haanzii kwenye majumba yenye bustani. Huanzia mitaa ya mashariki mwa jiji, katika chumba kimoja ndani ya jumba la ghorofa nyingi, choo ni cha kushirikiana, maji ni ya kuteka, na nguo zimeanikwa roshani zote hata rangi ya jumba haionekani. Huruma ndiyo hiyo, imebanana kati ya Mathare na Kariobangi. Upande wake wa Kiamaiko, penye soko la mbuzi na machinjio, utawakuta Waislamu wengi katika biashara, na wakati wa Adhuhuri ukifika utajua kwamba hukupotea njia.

Tumekwenda Huruma kwa kuwa ipo habari ambayo twataka kuipima kwa kipimo cha pale, wala si kwa kipimo cha ukumbi wa hoteli.

Nairobi imekuwa mji wa makongamano ya teknolojia. Tangu kituo cha iHub kilipofunguliwa katika barabara ya Ngong mwaka 2010, vijana wenye kampuni changa wamekuwa wakipanda majukwaani kuonyesha walichokibuni. Juni 2011 yalifanyika mashindano ya Pivot25, yaliyopewa jina hilo kwa sababu kampuni 25 za Afrika Mashariki ndizo zilizochaguliwa kujieleza. Oktoba 2012 kongamano la DEMO Africa likafanyika Nairobi. Desturi ya mikutano hiyo haijabadilika sana: msemaji hupewa dakika chache, nyuma yake picha zinapita ukutani, na mbele yake wamekaa wawekezaji wanaotaka kujua jambo moja tu, nalo ni faida itatoka wapi.

Katika bidhaa zinazopelekwa kwenye majukwaa ya namna hiyo, hapa kwetu na kwengineko duniani, umo mchezo wa simu wa kufunza matumizi ya fedha. Mchezaji hupewa mshahara wa kubuni na nyumba ya kubuni. Humjia mambo: mtoto augua, kodi imefika, rafiki ataka kukopa, duka latoa bei nafuu. Kila anapoamua, pointi zinapanda au zinashuka. Mwenye kampuni husema kwamba watu wa kipato cha chini hawana elimu ya fedha, na kwamba mchezo wake utawapa elimu hiyo wakiwa wanacheka. Kwetu Kenya ipo pia kampuni ya Usiku Games, iliyoanzishwa Nairobi na Jay Shapiro, ambayo ilijitambulisha kwa wito wa michezo yenye manufaa mahali pa kamari.

Sisi hatuidharau fikra hiyo. Binadamu hujifunza kwa mchezo tangu anatambaa, na wazee wetu waliijua siri hiyo kabla ya simu. Litazameni bao kamili la Kiswahili: kila mchezaji ana kete 32, lakini huanza kwa kupanga 10 tu kwenye mashimo, na 22 zilizobaki ni akiba yake, azitie moja moja kwa zamu. Mzee anayecheza bao chini ya mwembe hakusomea uchumi, ila mkono wake umezoea kwamba si kila ulichonacho ni cha kutumia leo.

Hata watafiti wamepata ushahidi kwamba burudani yaweza kufunza. Afrika Kusini kulikuwa na tamthilia ya televisheni iitwayo Scandal!, na ndani yake ukatiwa mkasa wa mtu aliyezama katika madeni na kamari. Gunhild Berg na Bilal Zia wa Benki ya Dunia waliwafuatilia watazamaji, na matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba walioifuata hadithi ile walipunguza kucheza kamari, na walipokopa walielekea zaidi kwa wakopeshaji rasmi. Watazamaji hao hawakuitwa darasani. Walimpenda mhusika, wakamwonea huruma, wakaogopa kuwa kama yeye.

Lakini upo upande wa pili, nao hausemwi jukwaani. Mwaka 2014 wataalamu watatu, Fernandes, Lynch na Netemeyer, walikusanya tafiti 201 kuhusu elimu ya fedha na kuuliza ni kwa kiasi gani mafunzo hayo hubadilisha matendo ya watu. Jibu lilikuwa asilimia 0.1 tu ya tofauti zinazoonekana kati ya mtu na mtu, na athari ya somo, hata lililokuwa refu, ilikuwa imefifia baada ya miezi 20. Ni haki kusema kwamba hesabu za karibuni, zilizotazama majaribio 76, zimekuwa na matumaini zaidi. Hata hivyo mtu kufunzwa jinsi ya kuweka akiba si dhamana kwamba akiba itakuwapo.

Na hapa ndipo Huruma inapoingia. Tumchukue mama mmoja wa kukisia, anayeuza vitumbua na chai asubuhi kwenye kona ya jumba lake. Je, huyu hana elimu ya fedha? Anajua bei ya unga wa mchele kwa maduka matatu. Anajua nani hulipa na nani husema kesho. Anajua mafuta yakipanda shilingi kumi apunguze ukubwa wa kitumbua au aongeze bei, na lini wateja watanuna. Hesabu anayoifanya kichwani kabla ya jua kuchomoza ingemtoa jasho yule kijana wa jukwaani. Lililomkosesha akiba ni jengine: fedha yake haina mahali pa kukaa. Ikiwa mfukoni, mtoto ana homa. Ikiwa kwenye simu, shemeji amepiga. Ikiwa chini ya godoro katika chumba ambacho mlango wake ni wa kufuli moja, wapo wanaolijua godoro hilo.

Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliliona jambo hili magharibi mwa Kenya. Waliwaendea wanachama wa vyama 113 vya kuchangiana, na baadhi yao wakawapa kitu cha ajabu kwa wepesi wake: kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo. Hawakuwapa semina ya hesabu wala fedha. Kisanduku kilikuwa cha kuweka akiba ya mambo ya afya, kama chandarua na dawa. Baada ya mwaka, waliopewa kisanduku walikuwa wametumia kwa afya theluthi mbili zaidi ya wasiopewa. Na pale chama chenyewe kilipoanzisha chungu cha pembeni cha afya, ambacho kila mkutano wanachama walikichangia, matumizi hayo yalizidi maradufu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Sababu mojawapo waliyoitaja itawafanya akina mama watabasamu: fedha ikiwa imekwisha pewa jina, mtu hupata namna ya kumwambia jamaa yake kwamba hana.

Kwetu pwani hatukuhitaji kufunzwa jina la chama hicho. Sisi tuliuita upatu, na wengi huuita tu mchezo. Mama husema, "Mwezi huu nacheza mchezo," na kila mtu ajua kwamba hakuna karata wala mpira. Yupo kijumbe anayekusanya, ipo zamu, ipo aibu ya kutolipa, ambayo ni dhamana yenye nguvu kuliko hati. Basi anapokuja mtu kutoka jukwaani kutuambia kwamba amebuni mchezo wa kufunza fedha, twapenda kumuuliza kwa adabu kama ameukalia mchezo wetu hata mara moja kabla ya kubuni wake.

Jaribio lililotuvutia kuliko yote lilifanyika Nairobi yenyewe, Kibera, katika mpango wa akiba wa Mbao, unaowawezesha watu wa kazi ndogo ndogo kuweka hata shilingi 20, yaani mbao kwa lugha ya mtaani. Watafiti waliwagawa waweka akiba katika makundi. Wengine walikumbushwa kwa ujumbe wa simu. Wengine waliahidiwa nyongeza ya fedha kama wataweka. Kundi moja lilipewa sarafu kubwa ya rangi ya dhahabu, isiyonunua chochote, yenye nambari za majuma 24. Kila juma mtu alitakiwa akwaruze nambari ya juma hilo: mkwaruzo wa namna moja ikiwa ameweka, wa namna nyengine ikiwa hakuweka. Sarafu ilikaa nyumbani, ikaonekana na mke, mume na watoto. Waliopewa sarafu waliweka akiba iliyokaribia maradufu ya wenzao, wakawashinda hata walioahidiwa nyongeza ya fedha. (Hukumu ya sheria kuhusu mifuko ya namna hiyo na inavyowekeza ni ya kuwauliza masheikh, sisi twazungumzia sarafu.)

Angalieni sarafu ile ilifanya nini. Chakula kikiwa mezani kila mtu hukiona, viatu vipya kila mtu huviona, lakini akiba haionekani. Mama anayejinyima ili aweke shilingi mia machoni pa watoto wake ni mama ambaye leo hakuleta nyama. Sarafu iliifanya ile mia ionekane, na mtoto akajua kwamba mama hakushindwa, ameweka. Huo ndio mchezo tungependa kuuona jukwaani, na hauhitaji simu ya bei kubwa.

Sasa tuje kwenye lile linalotuhusu sisi kama jamaa ya Kiislamu, maana mchezo huweza kufunza akiba kwa mdomo na kamari kwa mkono. Nchi yetu imepata msiba wa kamari za simu. SportPesa ilianza mwaka 2014, na haikupita miaka mingi kabla ya uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 kukuta kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, ambacho ndicho kiwango cha juu kuliko nchi nyengine tano za Afrika zilizochunguzwa pamoja nayo. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Hata hivyo kamari haikuondoka mitaani. Kijana wetu wa Huruma anaitazama kila jioni, kwa shilingi ambazo zingekuwa kodi.

Basi mchezo wa elimu ya fedha ukija na gurudumu la kuzungusha, na sanduku la bahati, na zawadi za fedha taslimu kwa anayeshinda wenzake baada ya wote kulipa kiingilio, mzazi asidanganywe na jina. Mtu akitoa fedha kwa tamaa ya kupata za mwenzake kwa bahati, hiyo ni maisiri, na Surat al-Maida aya ya 90 imelimaliza jambo hilo kwa kuiweka kamari pamoja na ulevi. Wabunifu wengi hawakusudii ubaya. Wanatafuta kumfanya mchezaji arudi kesho, na njia rahisi ya kumrudisha ni ile ile inayotumiwa na nyumba za kamari. Lakini kidole cha mtoto hakijui nia ya mbunifu.

La pili ni riba. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkopo wake wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na fedha hiyo haikuitwa riba, iliitwa ada. Aliyekopa shilingi 2,000 alirejesha 2,150. Mia na hamsini, mtu husema, ni nauli tu. Lakini akikopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, kama wengi wafanyavyo, atakuwa ametoa shilingi 1,800 juu ya zile 2,000 ambazo kila mwezi zilikuwa zikienda na kurudi. Mchezo unaomfunza mtoto kwamba mkopo ni kitufe cha kubonyeza pointi zikiisha haujafunza fedha, umemzoesha deni. Na tujiulize ni nani aliyelipia mchezo. Kampuni changa hailipwi na mama wa vitumbua, kwa sababu hana cha kuilipa. Mara nyingi hulipwa na benki, na mkopeshaji, na mwenye bima, wanaotaka kumfikia mama huyo. Hatusemi kila anayelipa ana hila. Twasema anayelipa ngoma ndiye huchagua wimbo, na mzazi ana haki ya kujua ni nani.

Wakati huo huo kuna mlango ambao michezo hii huupita kimya. Zipo benki za Kiislamu nchini tangu mwaka 2008, zikianza na Gulf African na First Community, ambayo siku hizi ni Premier. Mtoto wa Kiislamu angecheza mchezo ambao ndani yake mtu huweza kununua cherehani kwa ushirika wa faida na hasara, akaona jinsi mshirika naye anavyobeba mzigo biashara ikianguka, angekua akijua kwamba ipo njia nyengine kando ya mkopo na riba yake. Vijana wetu wanaosomea programu za kompyuta Mombasa na Nairobi, kazi hii yawangoja.

Tumelibakisha jambo moja, nalo ndilo zito zaidi kwa Huruma. Mchezo wa fedha uliouzwa sana duniani ni Monopoly, ambao watoto wa mjini wengi wameucheza. Wachache wajua kwamba asili yake ni mchezo wa mwanamke wa Marekani, Lizzie Magie, aliyeupatia hataza Januari 1904 kwa jina la The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye nyumba. Hakuutunga ili watu wafurahie kuwafilisi wenzao. Alitaka waone kwa macho jinsi kodi ya nyumba inavyomtajirisha mmoja na kuwamaliza wengine, na alitunga pia kanuni za pili, ambazo kwazo mali ikiongezeka wote hufaidika. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki zake kwa dola 500, na kilichobaki mezani ni ile furaha ya kufilisi.

Huruma ni ubao wa mchezo wa Magie. Usiku wa Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jumba la ghorofa sita la mtaa huo liliporomoka na zaidi ya watu 50 wakafa. Maafisa walieleza baadaye kwamba jumba hilo lilikuwa limekwisha wekwa katika orodha ya majumba ya kubomolewa. Waliokuwamo walikuwa watu wa bajeti. Walilipa kodi, na wengine bila shaka walijinyima kuilipa kwa wakati. Katika michezo ya fedha, mchezaji anayechagua chumba cha bei ya chini hupewa pointi kwa busara. Hakuna kadi inayomwambia auone ufa ukutani, wala amuulize mwenye nyumba cheti cha ujenzi, wala awakusanye majirani waende pamoja kwa maafisa. Tungependa wawekezaji wamuulize kijana wa jukwaani juu ya kadi hiyo.

Kwa akina mama walio na wana na mabinti Nairobi, na hata kwa walio hapa, twatoa jambo dogo la kufanya Jumamosi hii. Tafuteni mkebe, mtoboe tundu la kuingia sarafu, mfunike kwa namna ambayo hautafunguka bila kukatwa. Upeni jina moja tu: kodi, au karo, au Idd. Kisha chukueni karatasi, mchore vyumba 24 vya majuma 24, muibandike ukutani mahali ambapo kila mmoja huiona akila. Kalamu apewe mtoto mdogo kuliko wote anayejua kuandika. Juma mlilotia fedha, hata shilingi 20, aweke alama ya nyota. Juma ambalo hamkutia, aweke mstari. Asikemewe kwa mstari huo, wala msimwambie auche wazi. Akiuliza kwa nini juma hili ni mstari, mwambieni ukweli: unga ulipanda, au bibi aliugua, au baba hakulipwa.

Mwana aliye Huruma naye achore yake na kuibandika ndani ya mlango, na kila Ijumaa awapigie simu nyumbani kuwaambia kama ni nyota au mstari.